Orodha Iliyoshikilia Sauti

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za wavuti, na kosa baya kuliko yote nimemfanyia baba yangu mzazi.

Baba alipopata kiharusi, ulimi ulikataa, na mkono wa kulia pia. Nikamtengenezea ukurasa kwenye kishikwambi cha bei nafuu: picha kubwa kubwa, akigusa moja kwa kidole cha kushoto inatoa sauti. Maji. Nigeuze. Fungua dirisha. Sauti ni yangu, maana kwa simu watu hawatutofautishi mimi na yeye. Picha ya mwisho, sahani tupu, niliiweka kwa ajili ya mama: "Asante mama watoto, nimeshiba." Tangu enzi zake za kazi kule Magadi, Mzee hakuwahi kuinuka mezani jioni bila kutamka hayo.

Siku ya kwanza mama alicheka. "Wueh! Sasa niko na mabosi wawili, na wote wanaongea na sauti moja!"

Baada ya wiki tatu hivi akanipigia simu, mimi nikiwa kwangu Kware, wao Kitengela. "Hii kitu yako inajua tu kuniamrisha. Kutoka asubuhi ni maji, ni nigeuze. Jioni namlisha, kimya. Hata asante hakuna. Huyu mtu amenichoka. Wacha dada yake amchukue akae na yeye huko Oltepesi." Alikuwa analia, na mama yangu si mtu wa kulia ovyo. Niliogopa sana.

Nilidhani ni ugonjwa unazidi. Ukurasa nilikuwa nimeujaribu mwenyewe: nafungua, nagusa mara kumi, nafunga. Safi kabisa. Jumamosi nikaenda kushinda nao.

Asubuhi sauti ilitoka mara moja. Saa nane ikaanza kusitasita. Jioni mama akamlisha ugali laini na supu, akabeba sahani kuelekea jikoni. Nikaona kidole cha baba kinagusa ile sahani tupu. Kimya. Akagusa tena, kwa nguvu, hadi ukucha ukawa mweupe, macho yake kwenye mlango wa jikoni. Woi, baba yangu.

"Mama, hii huwa unaifunga saa ngapi?"

"Nifunge? Si sauti itapotea?" Alikuwa anakiacha kishikwambi wazi kwenye chaja kutwa, na usiku anakifunika kitambaa cha kufuma kama redio.

Hapo nikaelewa. Brauza, ile programu inayofungua kurasa za wavuti, ina mfagiaji wake wa memori, hupita na kutupa kitu chochote ambacho hakuna anayekishika tena. Lakini mimi, kwa kutaka kujua baba ameshindaje, nilikuwa nimeandika orodha ya kila alichogusa, na badala ya kuweka neno tu nikaweka sauti yenyewe, nzima nzima. Mfagiaji akipita anakuta kila sauti imeshikwa na orodha yangu, anaiacha. Memori ikijaa, ukurasa unaganda. Usiku kioo kikizima, brauza inaua ukurasa, na asubuhi inaufungua upya ukiwa mwepesi. Kwa hivyo kila siku amri zilisikika, asante ikafia njiani. Mjinga ni mimi.

Nilirekebisha palepale: orodha ibaki na maneno, sauti ikishatoka iachiliwe. Mama sikumwambia kitu. Nilitaka asikie kwa Mzee mwenyewe.

Jumapili baba aliomba maji na kugeuzwa kutwa nzima, nami nikihesabu saa kwa wasiwasi. Jioni mama akabeba sahani. Kabla hajafika jikoni, sauti ikatoka: "Asante mama watoto, nimeshiba."

Mama akasimama, mgongo kwetu. "Ni wewe umeongea?"

"Si mimi. Mwangalie."

Akageuka. Kidole cha baba kilikuwa bado juu ya picha. Nikamweleza kwamba amekuwa akiigusa kila jioni, na kosa langu ndilo lililomnyamazisha. Mama akaweka sahani chini, akaketi karibu naye.

"Na mimi nimekununia wiki tatu," akamwambia. "Nimekulisha na hasira, Mzee. Nisamehe."

Picha ya kujibu hilo haikuwepo, sikuwa nimeifikiria. Baba aliitafuta kwa kidole, akazipitia picha zote tena. Kisha akasukuma kishikwambi kando, akanyoosha mkono wake wa kushoto na kumpangusa mama machozi.