Kanda Iliyovuka Barabara

Asubuhi moja mwezi uliopita niliamka Ukunda, nikaoga, nikafunga mlango na kuondoka bila kujua naelekea wapi. Haikuwa mara ya kwanza. Lori la saruji lilinipakia, na alasiri nilikuwa Mackinnon Road, mji ambamo sikuwahi kulala, nimepata chumba nyuma ya kibanda cha fundi simu. Nilikuwa natandika shuka harufu ilipoingia dirishani. Ilikuwa spiriti, ile ya kusafishia vyombo vya umeme, kali na baridi puani. Nikaacha shuka, nikakaa kitandani. Harufu hiyo hunirudisha moja kwa moja sebuleni kwa bibi yangu, Msambweni, nikiwa msichana wa darasa la tatu, kipindi ambacho bado nilikuwa nakwenda shule.

Bibi Mejumaa ndiye aliyenilea. Alikuwa na redio ya kaseti iliyokaa juu ya meza yake yenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kila Alhamisi jioni aliifukiza udi kama anavyofukiza nguo zake. Alikuwa na kanda nyingi za kasida, lakini moja hakuruhusu mtu kuigusa. Ilirekodiwa arusini kabla sijazaliwa. Humo Bibi alianzisha nyimbo kwa sauti yake nzito, na rafiki yake, Bi Mwanakombo, akamjibu kwa sauti nyembamba iliyopanda juu mpaka unaona itakatika, isikatike. Tangu hapo, kila msichana wa ukoo wetu akisuguliwa singo, yale manukato ya kulainisha mwili, kabla ya arusi, kanda ile ilichezwa huku wanawake wakitwanga liwa na kupaka. Bila kanda ile, mwari alihesabika hajasuguliwa vizuri.

Sasa niwaambie jambo. Bi Mwanakombo alikuwa hai, mzima wa afya, na nyumba yake ilitazamana na yetu, ng'ambo ya barabara. Wawili hao hawakuwa wakisemezana. Inasemekana siku kanda ilipochezwa mara ya kwanza, Bi Mwanakombo alisema, "Wimbo ni jibu. Kuanza, kila mtu anaweza kuanza." Bibi akasema, "Basi na ajijibu mwenyewe." Ikawa ndiyo mwisho. Mimi nikawa posta yao. "Nenda kwa yule wa ng'ambo ukaniazimie ungo." "Mwambie yule mwenye redio kuku wake wanalala kwangu." Nilivuka barabara ile mpaka mbwa wa jirani wakachoka kunibwekea.

Arusi ya mama mdogo Riziki ilipokaribia, Bibi alitoa kanda kuijaribu. Ikatoka sauti kama vitumbua vinavyokaangwa. Sauti ya Bibi ilisikika, ingawa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Ya Bi Mwanakombo ilikuwa imetoweka karibu yote.

"Hanijibu," Bibi alisema, akaizima.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa udi. Aliweka chetezo mbele ya redio, akafungua mlango wa kanda, akaacha moshi uingie. Kesho yake ikawa mbaya zaidi. Riziki alilia. Alisema heri arusi isogezwe kuliko kusuguliwa kimyakimya kama sufuria.

Mjomba Rama, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa akifanya kazi ya kupiga muziki kwenye hoteli moja Diani. Alikuja siku yake ya mapumziko, akafungua redio, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hii umeifukiza mpaka imekuwa bibi arusi."

Akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma kanda. Pamba ilitoka rangi ya kahawa. Akajaribu kanda nyingine, ya kasida, kwa kuwa ile ya thamani Bibi hakumpa. Mvumo ulipungua, haukuisha.

"Uchafu umetoka. Bado sumaku," alisema. Nilimuuliza maswali mpaka akaomba maji. Akanieleza kwamba vyuma vya redio hujikusanyia sumaku kidogo kidogo kadiri kanda zinavyopita, na chuma chenye sumaku hula kanda, kikianza na zile sauti nyembamba. Sijui kwa nini maneno hayo yalinifurahisha kuliko yote niliyoambiwa darasani.

Siku iliyofuata alikuja na kifaa alichoazima hotelini, amekizungushia taulo. Kilikuwa kama pasi ya kulehemu yenye mdomo uliopinda. Kanuni yake ilikuwa mwendo. Unakiwasha ukiwa mbali, unakileta taratibu, unakipitisha juu ya chuma bila kukwaruza, kisha unakiondoa taratibu zaidi, mpaka ufike mbali ndipo uzime. Ukikizima kikiwa karibu, chuma hubaki na sumaku kuliko mwanzo. Na kanda ikiwa jirani, hufutika.

"Kufutika?" Bibi aliuliza.

"Iweke chumbani tu, mama. Hatua mbili tatu zinatosha."

Bibi aliifunga kanda kwenye pindo la leso, akaingia chumbani. "Hapa?"

"Hapo panatosha."

Akatoka uani. "Na hapa?"

"Mama, hata ukutani hapo panatosha."

"Wewe fanya kazi yako." Akazunguka nyumba, akaenda kusimama ukingoni mwa barabara. Nikawekwa mlangoni nimpigie kelele mambo yakiisha.

Mjomba akakiwasha, kikaanza kuvuma kama nyuki. Alikileta polepole, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mdomo ulipofika juu ya kichwa cha redio, stima ikakatika. Feni ya dari ikapunguza mwendo, ikasimama. Mjomba akabaki ameinama vile vile.

"Basi tumeiharibu zaidi," alisema kwa sauti ndogo. "Stima ikirudi tuanze upya. Ikirudi."

Nikamwita Bibi kumwambia stima imepotea. Alinitazama, akaitazama nyumba ya ng'ambo, akavuka. Alishika leso kwa mikono miwili kama aliyebeba bakuli la mchuzi. Akasimama kwenye baraza ya Bi Mwanakombo, aliyekuwa pale pale akichagua mchele.

"Hodi."

"Nani?" Bi Mwanakombo aliuliza, macho kwa macho.

"Mimi. Nimeleta kanda ikae mbali na redio."

Bi Mwanakombo alichagua punje kadhaa. "Keti, basi. Kanda haiwezi kusimama."

Walikaa pale mpaka stima iliporudi. Mjomba akaanza upya, taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka waya ukanyooka wote, ndipo akazima. Nilipokwenda kuwaita, walikuja wote wawili. Bi Mwanakombo alisema amefuata ungo wake.

Kanda ikachezwa. Mvumo ulikuwa umekwisha. Sauti ya Bibi ilijaa chumba, na jibu likaja, jembamba, lakini lilikuja. Penye mashimo, mjomba alisema, hapana la kufanya, kilichofutika hakirudi. Shimo la kwanza lilipofika, Bi Mwanakombo aliliimba mwenyewe akitazama dari.

"Umechelewa," alisema Bibi.

"Wewe ndiye uliyeharakisha. Tangu zamani."

Riziki akapiga kigelegele. Siku ya singo waliimba wenyewe hadi adhuhuri, na hakuna aliyekumbuka kuwasha redio.

Shule niliiacha miaka michache baadaye. Nimeishi kwa kufungua vitu nione ndani kuna nini, redio, pampu, injini za boti, mji hadi mji. Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama kisa cha sumaku, na jinsi Bibi alivyoogopa kifaa hata akaipeleka kanda kwa hasimu wake. Kisha mwaka mmoja, nikiwa Galu nimeshika waya uliokufa mkononi, nikacheka peke yangu. Kifaa kile bila stima ni kipande cha chuma tu, hakiwezi kufuta chochote. Na wakati Bibi anavuka barabara, Msambweni nzima haikuwa na stima, naye alijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.