Poda ya Nivo ya Tatu

Hapa Kamina mtihani ni kitu cha kushinda. Ukishinda, unamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka unafanana na unga wa muhogo wenye miguu, unapandishwa pikipiki, unazungushwa mjini watu wakiimba. Ukianguka, unapelekwa Kaniama kwa babu kuchunga ng'ombe hadi aibu ikauke. Katikati hakuna kitu. Ndiyo maana ule mtihani wa Kichina ulituletea balaa: wenyewe ulikuwa wa katikati.

Chuo kikuu kilitangaza kozi ya Kichina, ya jioni, ya bure. Mwalimu alikuwa mwana wa hapa hapa, aliyesoma Uchina miaka mingi akarudi na miwani na tabia ya kufika saa ileile aliyoisema, jambo lililofanya watu wamwonee huruma kama mgonjwa. Akaeleza: madarasa ni matatu. Nivo ya kwanza ni ya wasiojua kitu, ya pili ya wanaojuajua, ya tatu ya wanaozungumza. Mtihani ni wa kujua kila mtu akae wapi.

"Haiko egzame ya kupita," alisema. "Hakuna muntu atapita, hakuna muntu ataanguka. Kama haujue, acha karatasi mweupe."

Watu walicheka kwa adabu. Maneno hayo kila mwalimu huyasema, na kila mwaka kuna wanaokwenda kwa ng'ombe.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliitaka kozi ile kwa meno. Alikuwa amemaliza sekondari, yuko nyumbani anapepeta mahindi na kumgombeza kila mtu, hasa mimi. Mwalimu alikuwa ameahidi kwamba mwisho wa kozi atakaa na kila mmoja uso kwa uso, wazungumze Kichina, na atakayeweza kujibu atapendekezwa kwenda kusoma kule. Yaya alitaka kwenda. Kichina chake kilikuwa sawa na changu, na changu ni sawa na cha mbuzi wetu.

Sasa mwalimu akafanya kosa linaloweza kufanywa tu na mtu aliyekaa mbali na nyumbani muda mrefu: alipeleka maswali sokoni kufanyiwa fotokopi, na karatasi ya majibu ikiwa humohumo. Kabla mashine haijapoa, majibu yalikuwa kwenye simu za mji mzima. Yalikuwa herufi tu, A, B, C, D. Yaya ni soprano katika kwaya ya kanisa letu la Kimethodisti, basi akayatilia sauti. Wiki ile tuliosha vyombo kwa B-A-D-D-C, mama akipiga alto bila kujua anaimba nini.

"Yaya," nilimwuliza, "ukijibu yote, banakuweka fasi gani?"

"Nivo ya tatu, mujinga weye."

"Na kule bantu banasema nini?"

"Kichina."

"Na weye utasema nini?"

Alinirushia mwiko. Sisi wenye akili hatupendwi katika familia hii.

Matokeo yakabandikwa. Nivo ya tatu: chumba kizima. Nivo ya pili: hakuna mtu. Nivo ya kwanza: muuza mahindi mmoja ambaye simu yake ilizimika mlangoni, na kwa kukosa sauti ya kuimba hakuwa ameshika kitu kichwani. Ndiye peke yake aliyefanya mtihani kwa uaminifu, na alitoka akijilaani.

Papa yetu ni karani, mtu anayepiga pasi hata soksi. Hakuuliza nivo ni nini. Alisikia "tatu", akasikia kwamba hakuna ya nne, akaenda kununua mkebe wa poda. Mwenyewe akammwagia yaya, pikipiki zikapiga honi, mtaa ukacheza. Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba Bwana amemfungulia binti yetu lugha. Bwana mimi namheshimu, lakini ile ilikuwa kazi ya fotokopi.

Somo la kwanza nilikaa nje ya dirisha na karanga zangu, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mwalimu akaingia, akaanza Kichina, Kichina kitupu. Darasa likatikisa kichwa, kama limeelewa. Akauliza jambo, akangoja. Darasa likatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi. Akamsogelea baba mmoja wa nyuma, akamwuliza yeye. Yule baba akainama kidogo, akajibu kwa Kiluba kama anavyojibiwa mkubwa yeyote kwetu: "Eyo, vidye." Ndiyo, mheshimiwa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaendelea.

Walipotoka, muuza mahindi akaingia peke yake kwa zamu ya nivo yake. Tukamsikia anasema kitu, anasahihishwa, anasema tena, wanacheka wote wawili. Yaya alisimama ukutani akisikiliza hadi mwenye pikipiki akachoka kutuita.

Somo la tatu, muuza mahindi alikutana na yaya mlangoni akamsalimu kwa Kichina, sentensi nzima, nzuri, na mwishoni swali. Yaya akatikisa kichwa.

Kwenye pikipiki alilia. Mimi nyuma yake nilicheka kwanza. Kisha upepo ukaanza kuniletea machozi yake usoni, nikaacha.

Nyumbani alimngoja Papa amege bukari, ugali wetu. "Papa, nataka nishuke ku nivo ya kwanza."

Tonge likabaki hewani. "Kushuka? Muntu mwenye banamumwangia poda anashuka? Poda inarudiaka mu mukebe?"

"Papa, sijue kitu. Siku ya kuzungumuza nitasema nini?"

"Hata miye kuna bintu mingi sijue, na niko mu kazi! Bantu ba kanisa batasema nini?"

"Papa," nikadakia, "bantu banaangaliaka poda. Karatasi habasomake."

Nilifukuzwa mezani. Mkebe wa poda, uliobaki nusu, nikaondoka nao.

Kesho yake yaya alimfuata mwalimu akamwambia yote, hata wimbo. Mwalimu hakugomba. Alivuta kiti akakiweka kando ya muuza mahindi, akasema, "Nilikuwa nangoja nione nani wa kwanza." Somo likaenda. Yaya alipotoka, nilimmwagia mkebe wote kichwani.

"Weye una wazimu?"

"Panda moto, yaya," nikamwonyesha pikipiki. "Imba."

Muuza mahindi alipiga makofi bila kuuliza. Wenye pikipiki wakapiga honi bila kuuliza. Sokoni mama mmoja akapiga vigelegele: "Tena? Huyu mutoto iko na akili!" Tulipofika kwetu, Papa alikuwa mlangoni, na mkubwa wa kwaya alikwisha kumshika mkono. "Mungu ni mukubwa, papa! Amepanda tena?"

Papa akamtazama yaya. Akanitazama mimi. Akautazama mkebe mtupu, kwa muda ulionitosha kuiona sura ya kila ng'ombe wa Kaniama.

"Njo vile," akakubali. "Anaendelea." Na akautikisa ule mkono.

Jioni ile yaya alihesabu kwa Kichina kwa vidole, akakwama kwenye nne, akarudi mwanzo, akavuka. Juma lililofuata wenzake wa nivo ya tatu walianza kuja kwetu mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Hawakuja kwa yaya. Walikuja kwangu, wakiuliza kwa sauti ya chini kama kule kwenye mkebe kumebaki kitu.