Siku Tisa Kando ya Mfereji

Niliondoka Dodoma mwezi wa Septemba nikiwa na sanduku la kuazima, koti la mitumba nililolinunua mnadani, na washa ya ngozi iliyochakaa, nimeifunga ndani ya kipande cha kanga. Barua ya mwaliko haikuitaja washa hiyo, lakini kwa upande wangu ndiyo iliyokuwa safari yenyewe.

Kijiji nilikozaliwa kiko magharibi ya mji, kupita Zuzu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka relini. Kilikuwa na kisima kirefu kimoja chenye pampu ya mkono iliyotengenezwa Uingereza kabla sijazaliwa. Chini kabisa ya pampu ya namna ile kuna pistoni, na pistoni imevalishwa ngozi yenye umbo la bakuli dogo. Ngozi hiyo ndiyo washa, nayo ndiyo inayobana kuta za silinda na kunyanyua maji. Ikiisha, mpini unapanda na kushuka, na hakuna kinachotoka ila sauti ya chuma.

Mimi nilikuwa fundi wa maji wa dayosisi. Sikuwahi kusomea kazi hiyo. Nilimaliza darasa la saba, na mengine nilijifunza katika vitabu vya maelekezo vilivyokuja na mashine, kamusi ikiwa pembeni. Zamani washa zile zilitolewa bohari ya serikali, hadi bohari ikabaki na rafu tupu. Kilipokuja kipindi cha ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa, maduka ya mjini yalijaa redio, mabeseni ya plastiki na saa zilizosimama baada ya mwezi, lakini hakuna mfanyabiashara aliyeagiza washa ya pampu yetu. Nilijaribu kukata ngozi ya soli kwa fundi viatu. Siku ya nne ilikuwa imelainika kama ugali uliomwagiwa maji. Nilijaribu mpira wa tairi; ukakwama ndani ya silinda na kunigharimu siku mbili za kuutoa. Mwezi wa sita pampu ikasimama kabisa. Wanawake wakarudi kufukua mchanga wa korongo, kila mmoja na shimo lake na kata yake ya kuchotea. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na goti lake la kulia lilikuwa bovu.

Kanisa la mji mmoja mdogo wa Uingereza lilikuwa na urafiki na dayosisi yetu, na kila baada ya muda walimwalika mtu mmoja. Safari ile walitaka mtu wa kawaida, asiwe mchungaji. Nikachaguliwa kwa sababu ya Kiingereza changu cha vitabuni. Kabla sijaondoka mchungaji aliniita ofisini.

"Unakwenda kusalimia na kujifunza," alisema. "Usiende kuomba. Wale wamechoka kuombwa. Kila anayetoka huku anafungua mkono kabla hajafungua sanduku."

Jioni nikaenda kumuaga dada.

"Mdogo wangu," aliniambia, "usiniletee picha za theluji. Niletee hicho kitu cha pampu."

"Mchungaji amesema nisiombe."

"Mchungaji anachotewa maji na nani?"

Ndani ya ndege nilipata njia ya kuwatii wote wawili. Sitaomba, nitasubiri niulizwe. Kwetu Ugogo mgeni haanzi kueleza shida yake. Anapewa maji ya kunywa, anapewa chakula, analala. Mwenye nyumba akiona kwamba mgeni ametulia, ndipo anapomwambia: haya, mwenzetu, tueleze kilichokuleta. Niliwahi kumwona mzee aliyekuja kutafuta ng'ombe wake waliopotea akikaa siku mbili nyumbani kwa baba yangu bila kuwataja, mpaka alipoulizwa. Waingereza nilikuwa nimesoma kwamba ni watu wa adabu. Sikuwa na shaka kwamba nao wataniuliza.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alinitaka nimwite kwa jina lake. Nilijaribu mara moja, ulimi ukakataa, nikamwita Mama hadi mwisho. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, na nyuma ya bustani ulipita mfereji. Ulichimbwa kwa mikono, karne mbili zilizopita, ili mashua zibebe makaa na nafaka. Farasi walizivuta kwa kamba wakitembea kwenye njia ya kando. Siku zile farasi hawakuwapo tena. Mashua zilikuwa ndefu na nyembamba, zimepakwa rangi nyekundu na kijani, zinaendeshwa na wazee waliostaafu waliokaa nyuma wakinywa chai.

Kila asubuhi nilitembea njia ile na daftari. Kilichonivutia ni malango ya maji. Mji ulikuwa kwenye mteremko, na mashua haiwezi kupanda mlima, kwa hiyo walijenga vyumba vya mawe vyenye malango mazito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inaingia chumbani, lango la nyuma linafungwa, maji yanaingizwa kutoka juu, mashua inanyanyuka taratibu kama mtu anayeamka, kisha lango la mbele linafunguliwa. Hakuna injini. Mtu mmoja anasukuma boriti kwa mgongo. Nilichora kila kitu. Kisha nikajizuia kukokotoa ni maji kiasi gani yanateremka bure kila mashua moja inapopita. Siku ya tatu nilikokotoa. Nilipopata jibu nililikata kwa kalamu.

Karibu na lango la pili kulikuwa na kibanda ambamo mzee mmoja alikarabati mashua za zamani. Nilimpungia mkono kila asubuhi, naye akanipungia. Katika daftari langu ameandikwa hivi: kibanda cha kijani, mzee, mbwa mmoja.

Mama alinitunza vizuri. Alinipeleka shuleni, kanisani, kwenye mtambo wa kusafisha maji. Na kila usiku kabla ya kwenda kulala alisimama mlangoni na kuniuliza:

"Una kila kitu unachohitaji?"

"Ninacho, Mama. Nashukuru sana."

Kwetu swali hilo ni la blanketi na maji ya kuoga. Nilitazama kitanda, nikaona blanketi tatu, nikajibu kwa ukweli. Washa ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilihama nayo kutoka chumba hadi chumba nikisubiri swali lenyewe. Siku ya tano nilianza kuwa na wasiwasi. Siku ya saba niliandika katika daftari: bado hajauliza. Siku ya nane nilimwota dada yangu amekaa kwenye lango la maji, kata mkononi.

Siku ya tisa ilikuwa siku ya soko, na kesho yake alfajiri ningeondoka. Soko lilikuwa katika uwanja wa mawe mbele ya kanisa. Kwa mtu aliyezoea mnada wa Dodoma lilikuwa soko la kimya: hakuna aliyenadi, hakuna mbuzi, hakuna aliyevutwa mkono. Watu walipanga foleni kununua jibini. Mama alinunua soksi za sufu za kunipa, kisha tukapita kwenye meza ya mtu aliyeuza zana kuukuu. Kulikuwa na tindo, misumeno, bawaba, na katika boksi la bati, washa za ngozi.

Sikufikiri. Nilitoa kanga mfukoni, nikaifungua juu ya meza ya watu, nikaanza kupima moja baada ya nyingine dhidi ya yangu. Zote zilikuwa ndogo. Nilirudia tangu mwanzo, kana kwamba zingekua.

"Unatafuta nini?" Mama aliuliza.

Ndilo swali nililokuwa nimelisubiri. Nilimjibu bila kupumua: kisima, pampu, bohari, ngozi ya soli, tairi, korongo, goti la dada. Mwenye meza aliacha kumhudumia mteja akasikiliza. Nilipomaliza, Mama alikuwa amevua miwani.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa umekaa nayo mfukoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Nimekuuliza kila usiku!"

"Nilidhani unaulizia blanketi."

Mwenye meza alicheka, kisha akaona hatucheki, akamrudia mteja wake.

"Nami niliona umebeba kitu ndani ya kitambaa," Mama alisema, taratibu sasa. "Nikajiambia labda ni cha dini, au ni ukumbusho wa marehemu. Sisi tunafundishwa tusichunguze mambo ya mgeni." Alivaa miwani. "Twende. Kuna mtu ninamjua."

Alinipeleka kwenye kibanda cha kijani.

Mzee aliichukua washa, akaigeuza, akainusa. "Umeifukua kaburini?"

"Kisimani."

"Ilinywesha watu wangapi?"

"Kijiji kizima."

"Na wewe unanipita kila asubuhi unanipungia mkono," alisema. "Ningejua, ningekufuata mbio kwenye njia hiyo."

Mashua za zamani zilikuwa na pampu za kutoa maji yaliyoingia ndani, nazo zilitumia ngozi za namna ileile. Aliniambia kwamba kuninunulia kumi hakutanisaidia, zitaisha. Afadhali nijue kuzitengeneza. Nilikuwa na kipenyo cha silinda katika daftari. Alichonga kalibu ya mbao ngumu mbele yangu: kipande kimoja chenye tundu, kingine chenye kichwa cha kuingia tunduni, na bolti ya kuvibana. Tuliloweka ngozi katika maji ya vuguvugu, tukaiweka juu ya tundu, tukakaza bolti robo kwa robo. Ngozi ilijikunja ikawa bakuli.

"Sasa ikauke siku tatu, humohumo," alisema.

"Naondoka kesho."

"Basi isafiri ikiwa imebanwa. Ikikauka, ichovye katika nta na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa. Hilo ndilo ulilokosa. Bila nta inakunywa maji."

Niliandika. Giza lilikuwa linaingia, na Mama alikuwa amealika watu wa kanisa kwa chakula cha kuniaga, wangekuwa wamefika. Nilishikana mikono na mzee, nikamkimbilia Mama aliyekwisha kutangulia.

Nilifika kijijini na kalibu sandukuni. Ngozi ilitoka ngumu, safi, umbo kamili. Nta kwetu si tatizo, warina asali wako kila upande, na mafuta ya ng'ombe nilipewa bure. Niliyeyusha, nikaona yanachemka vizuri, nikatumbukiza washa. Ilijikunja mbele ya macho yangu ikasinyaa kama ngozi ya mguu wa mbuzi juu ya moto. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika nta, nimeandika mafuta. Sikuandika joto kiasi gani wala muda gani. Mimi niliyepima muda wa kila lango la maji kwa saa ya mkono sikuwa nimeuliza maswali hayo mawili, kwa sababu mchana ule mmoja haukutosha. Nilibana ngozi nyingine ya soli, ikakauka, nikachovya haraka na kutoa. Ikadumu siku sita. Nikaandika barua.

Jibu lilichukua wiki saba kwenda na kurudi. Wiki hizo zilikuwa Oktoba na Novemba, jua kali kuliko yote, na mashimo ya korongo yalizidi kwenda chini hata ikabidi dada ashuke ndani yake kwa kukalia udongo na kujiburuta. Barua ilikuwa ya maandishi ya Mama, maneno ya mzee: iondoe sufuria motoni, subiri hadi nta ianze kuganda ukingoni, ndipo uichovye, utaona mapovu, mapovu yakiisha, toa.

Nilifanya hivyo. Tulivuta mabomba, tukavalisha pistoni, tukarudisha. Ilikuwa asubuhi, na karibu kijiji kizima kilikuwapo. Dada alishika mpini kabla ya mtu yeyote. Akapampu, ikatoka sauti ya chuma, akapampu tena, na maji yakaja, ya kutu kwanza, kisha meupe.

Ndoo ilipojaa aliniita pembeni. Mchungaji alikuwa amemsimulia habari yote, nami nilikuwa nimemsimulia mchungaji.

"Ni kweli ulikaa siku tisa?"

Nilimweleza: mchungaji alivyonikataza, na desturi yetu, kwamba mgeni husubiri kuulizwa.

"Desturi naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha," alisema. "Lakini hukwenda kule kama mgeni. Nilikutuma."

Alisokota kanga akaiweka kichwani, akainama kwa shida kwa sababu ya goti, nami nikainama upande wa pili tukainyanyua ndoo pamoja hadi kichwani pake. Akaelekea nyumbani.