Kiu ya Mbwa Wangu

Nilipoolewa Kerende nilikuja na mbwa wangu jike kutoka kwetu Busawe. Mwaka wa pili akaanza kuharibika. Manyoya yalimdondoka mbavuni, pande zote mbili sawasawa, tumbo likaning'inia kama kibuyu, na alihema ulimi nje hata akilala kivulini. Maji? Alikunywa mpaka akalamba udongo wa chungu. Mimi nikawa naota tu: atapona, twende kwetu kusalimia, akimbie mbele yangu njia nzima.

Bwana mifugo, alipokuja kuchanja ng'ombe, alimpa dawa ya minyoo. Aliporudi tumbo lilikuwa vilevile. Akamvuta ngozi, nyembamba kama karatasi, akambonyeza tumbo taratibu.

“Si minyoo, wala hana mimba. Kuna vitezi viko juu ya figo. Nadhani vyake vinafanya kazi kupita kiasi.”

“Dawa yake, bwana?”

“Sina. Nasikia Ulaya wanapasua, na wengi hawaamki. Wewe usimnyime maji tu. Ukimnyima, umemuua.”

Mdogo wa mume wangu alikuwa pale. Ametoka kutahiriwa juzijuzi, anatembea kama nchi yote ni yake. Alicheka.

“Tangu lini mbwa akaugua figo? Huyu anatuibia maziwa. Ng'ombe akivimba tumbo, anafungwa asinywe mpaka lishuke.”

Kesho yake nilitoka shamba la ulezi nikamkuta mbwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi, juani, analamba jiwe. Kamba imemkata shingo. Nilimfungua, nikamnywesha kwa kiganja. Sikulia. Nilimtabasamia shemeji yangu mpaka akatabasamu naye, maskini.

Siku iliyofuata nilimpikia shemeji nyama ya kukausha, chumvi sikuipima. Maji yote ya nyumbani nikayamimina kwenye chungu cha mbwa. Mama mkwe aliniangalia, akachukua tumbaku yake akaenda kwa jirani.

“Shemeji, maji.”

“Yameisha, shemeji yangu.”

“Si uende mtoni?”

“Mgongo unaniuma. Mtungi ule pale.”

Akautazama kama nyoka. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa habebi maji.

“Unataka wanawake wanicheke?”

“Nataka unywe.”

Alikaa akimeza mate, huku mbwa akinywa pembeni, lap, lap, lap. Lo, nilivyofurahi! Jua lilipoanza kuinama akaukumbatia mtungi kama ndama na kushuka mtoni.

“Bibi harusi, karibu!” wanawake wakapiga vigelegele. Niliwasikia kutoka uani, nikashiba.

Alirudi amelowa mpaka kiunoni. Nilisimama mlangoni.

“Kwanza ya mbwa.”

Akamimina.

Hakumfunga tena. Mbwa alikufa baada ya mavuno, kichwa mapajani pangu, maji yake yamejaa. Na shemeji mpaka leo nikimtengea chakula, maji nayachelewesha kidogo.