Vidonge vya Halimah

Halimah alikuwa Mnubi wa Namuwongo, mtaa wa Kampala, akisuka vikapu katika chumba kilicho karibu na reli. Kwao hakuna aliyewahi kula kwenye sahani yake peke yake. Sinia iliwekwa katikati, na mgeni akasogezewa upande wenye nyama. Hilo lazima lisemwe kwanza. Bila hilo, alichofanya kitaonekana ni ukaidi tu.

Saratani ya figo iliyompata ni ya nadra, na huwashika zaidi vijana waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja. Dawa mojamoja zilikuwa zimeshindwa. Kliniki ikaanza kujaribu mbili kwa pamoja: wagonjwa wote walitundikiwa dripu ya dawa ya kwanza, lakini nusu yao, waliopatikana kwa kura, walipewa pia ya pili, vidonge vya kumeza nyumbani. Halimah alipata vidonge. Exaucée, msichana Mkongomani muuza vitenge aliyelala kitanda cha jirani siku za dripu, hakupata.

Asubuhi moja nesi Alum alimshika Exaucée mkono atafute mshipa, akasita. Kiganja kilikuwa chekundu, kinabambuka.

"Mikono imefanya nini?"

"Kufua, dada."

"Umefua nguo za Kampala nzima? Hebu vua viatu." Nyayo nazo zilikuwa vilevile. "Na hizi? Siku hizi unafua kwa miguu?"

Exaucée alicheka, kisha akaificha miguu chini ya shuka. Viganja vya namna ile vilitokana na vidonge, si dripu.

"Ni mimi," Halimah alisema kutoka kitandani kwake. "Kimoja changu, kimoja chake. Ningemezaje peke yangu, naye hana?"

Alum alikaa. Aliwaeleza taratibu, bila hasira, kwamba dozi iliyogawanywa huenda isimfae yeyote, na kwamba kama hakuna anayemeza yote, hakuna atakayejua iwapo dawa hizi mbili zinasaidiana. Exaucée ataondolewa kwenye majaribio, aendelee na dripu ya kawaida. Halimah anaweza kubaki, mradi aje kila asubuhi ameze mbele ya nesi.

"Basi nitoeni mimi, mumpe yeye."

"Haiwezekani, Halimah. Kura haibadilishwi."

"Hiyo si kura, sista. Hiyo ni roho mbaya."

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Aliyemleta hatimaye ni Exaucée, amemshika kiwiko kama polisi na mwizi wake.

"Mnubi wenu mbishi huyu hapa. Meza, dada. Ukimeza, kuna mtu atajua kitu. Ukiacha, tutakufa wote wawili bure, kama kuku."

Halimah alimeza akiwa ameugeuzia ukuta uso.

Exaucée alifariki mvua zilipoanza. Asubuhi iliyofuata maziko, Alum alimkuta Halimah mlangoni mwa kliniki, hata kufuli halijafunguliwa.

"Mmeshajua kitu?" Halimah aliuliza.

"Bado."

Akanyoosha mkono, apewe vidonge vyake.