Machungwa Yaliyoshuka Lukuga

Wenzangu wa darasa, kule chuo kikuu cha Lubumbashi, walikuwa na hakika kwamba mto huingia ziwani. Nilipowaambia kwamba kwetu Kalemie mto unatoka ziwani, walinicheka mpaka profesa akaingia na kuuliza kisa.

"Sitwayeni anasema kweli," akawaambia. Enzi hizo za Zaire sote tuliitwa hivyo, yaani raia, awe mkubwa awe mdogo. "Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga."

Nikavimba kichwa kana kwamba Lukuga niliuchimba mimi, kwa jembe la mama yangu. Siku hiyohiyo nikachagua habari ya kuandikia memwari, ile kazi ya mwisho ya masomo: maji kiasi gani yanatoka ziwani kupitia mji wetu? Profesa alikubali kwa sharti moja. Kabla likizo haijaisha niwe nimeupima mto kwa mkono wangu mwenyewe. Bila kipimo hakuna memwari, na bila memwari ningerudia mwaka. Baba yangu, mtu wa reli asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshasema kwamba mwaka wa kurudia haupo.

Chombo cha kupimia mwendo wa maji kilikuwa kimoja tu, na wenzangu walikuwa wameondoka nacho kwenda mto mwingine. "Tumia kitu kinachoelea," profesa aliniambia. Chungwa ndilo zuri. Linazama karibu lote, upepo haupati pa kulishika, kwa hiyo linakwenda kama maji yanavyokwenda. Unachomeka mti mmoja ukingoni, na mwingine chini zaidi, kisha unatazama saa chungwa linapotoka kwenye mti wa kwanza hadi wa pili. Kina cha mto nilikuwa nimeshakipima kwa upondo, juu ya mtumbwi wa kuazima. Ilibaki mwendo tu.

Nilichagua Jumamosi asubuhi, siku ya salongo, wakati mji mzima ulipotakiwa kutoka na majembe kusafisha barabara. Sababu yangu ilikuwa ya kisayansi kabisa: mwenye kupima mto halimi barabara. Nikabeba kikapu cha machungwa na saa ya baba, nikashuka ukingoni peke yangu. Nilitupa la kwanza, nikakimbia nalo sambamba, nikajikwaa kwenye mizizi, nikachelewa kutazama saa. Nikarudi nikatupa la pili. Kisha, kwa hasira, nikatupa matatu kwa pamoja.

Sikufikiria kwamba mbele yangu, mto unapokata kona nyuma ya matete, akina mama walikuwa wanaloweka mihogo. Mimi hawakuniona. Waliona machungwa. Limekuja moja, limekuja la pili, yamekuja matatu. Kwetu machungwa yakielea majini yana maana moja tu.

"Mutumbwi umepinduka!" nilisikia sauti. "Mukuje! Watu wanazama!"

Wa salongo walitupa majembe, na sidhani wote waliyatupa kwa huzuni. Wavuvi walisukuma mitumbwi. Vilio vikaanza, vile vya msiba hasa. Nilipoizunguka kona nikihema, nilimkuta mama mmoja ndani ya maji mpaka kifuani, kitenge kimemvuka, anapapasa chini ya matete kwa mikono miwili huku anaita. Mimi niliona jambo moja tu, machungwa yangu mikononi mwa watu.

"Mbona munakamata machungwa yangu?" nikafoka.

Vilio vikakatika. Yule mama aligeuka, chungwa mkononi.

"Yako?" akauliza.

Nilitamani matete yanifunike. Baadaye nilielezwa kile ambacho kila mtu pale alikuwa anakijua: mume wake aliondoka Moba, kusini kwetu kando ya ziwa, na mtumbwi wa samaki wakavu, na hakufika. Si yeye, si mtumbwi, si hata kasia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimemtupia unyasi kikapu kizima.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, hakunipiga wala hakutukana. Alisema tu kwamba kuanzia siku ile nisitupe mtoni hata jani. Nikarudi nyumbani damu inanichemka, nikimlaani shefu, salongo na machungwa. Mama yangu alinisikiliza huku anamenya machungwa yaliyobaki, akayala mawili bila haraka.

"Kesho uende kwa ule mama," akasema. "Kilio ya mutu hawaiamshake bure."

Nikaenda, baada ya misa. Nilimkuta anaanika mihogo. Nikaomba msamaha, akaendelea kuanika. Nikamweleza juu ya memwari, akaendelea kuanika. Niliposema kwamba nataka kujua maji ya ziwa yanayotoka kwa Lukuga ni mengi kiasi gani, mikono yake ikasimama.

"Mayi ya kule Moba," akauliza, "inapitaka hapa?"

"Mama, siwezi kukujibu vizuri. Wamenikataza kupima."

Akajifunga kitenge upya, akanishika mkono kama mtoto wa shule, tukaenda kwa shefu. Sijui alimwambia nini, maana niliachwa nje, lakini alipotoka katazo lilikuwa limeondolewa.

Jumatatu akina mama walijipanga ukingoni, na safari hii mji wote ulikuwa umeambiwa. Yule mama alisimama kwenye mti wa chini. Chungwa likimfikia, alipiga kigelegele, nami juu, nimetulia na saa ya baba, nikaandika. Sikukimbia tena. Wenzake walilingoja mbele, wakalivua, wakalila. Hakuna chungwa hata moja lililofika Lualaba, mto ambamo Lukuga huishia. Nilicheka mpaka nikaogopa kukosea hesabu, na moyoni nilijua mwaka wangu umepona.

Profesa aliipokea memwari. Alinionyesha pia namna ya kulinganisha kipimo changu na ziwa zima, na jibu likanivunja moyo kidogo, maana nilitaka Lukuga wetu uwe mkubwa kuliko vyote. Nilirudi kiangazi kilichofuata, nikaenda kwa yule mama kabla sijafungua sanduku.

"Mama, nimekuletea jibu. Maji mengi ya ziwa hayapiti hapa. Jua linayanyanyua, yanakuwa mawingu, yanarudi kuwa mvua. Yanayobaki yanatoka hapa, kwa Lukuga. Hakuna mlango mwingine."

Aliendelea kumenya mihogo ndani ya beseni. Niliogopa kwamba nimemtonesha tena.

"Basi," akasema, "ao bwana yangu alipita hapa mbele yangu, ao alininyeshea."

"Ndiyo, Mama."

"Na miye nilikuwa nasema amenikimbia."

Akacheka, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imelowa maji ya mihogo. Kisha akaniambia nivue viatu nimsaidie kumenya.