Hina ya Idd na Mashine ya Vidole

Kwaru, kwaru, kwaru. Ni sauti ya hina iliyokauka ikikwanguliwa kwa mgongo wa kisu na kudondoka juu ya gazeti. Mwatime aliisikia kwanza utotoni, kwao Msambweni, pwani ya Kenya, mama yake akimsafisha viganja asubuhi ya Idd. Aliisikia tena ukubwani, jikoni mwa nyumba ya watu katika mtaa wa Aziziya, Jeddah. Viganja vilikuwa vyake tena, ila safari hii kisu kilishikwa na mkono wa kizee unaotetemeka. Hata leo, mtu akimuuliza habari ya viza yake, sauti hiyo ndiyo inayomjia kwanza.

Katika nyumba hiyo Mwatime alikuwa mfanyakazi wa ndani. Bosi wake, madam Hanadi, alikuwa mwanamke wa zama hizi mpya: gari anaendesha mwenyewe, ofisini ana meza yake, na mara kwa mara hupanda ndege kwenda Riyadh kwenye mikutano. Kazi kubwa ya Mwatime haikuwa kufua wala kupiga deki. Ilikuwa ni kumtunza mama yake madam, bibi kizee Zeinab, ambaye nyumba nzima ilimwita Sitti, kama watu wa Hijazi wanavyowaita bibi zao.

Sitti alikuwa haisikii vizuri dunia. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na upenyo mdogo. Wanawe walimpigia kelele, wajukuu walimpigia kelele, hata daktari alimpigia kelele. Mwatime peke yake ndiye aliyegundua kwamba ukiinama karibu na sikio la kushoto na kusema taratibu, Sitti anasikia kila neno. Kelele zilimchanganya, mnong'ono ulimfikia. Basi wawili hao waliishi kwa minong'ono kama watu wenye siri, ingawa mara nyingi waliyonong'ona yalikuwa ni mambo ya dawa ya presha na chumvi ya supu.

Siri ya kweli ilikuja mwaka ule ambao treni za Riyadh zilikuwa bado mpya, watu wakipiga picha vituoni. Rafiki yake Truphena, Mluhya mwenye maneno mengi aliyekuwa msimamizi wa wafanya usafi katika ofisi za Olaya, huko Riyadh, alimtumia tangazo kwenye simu: mashamba ya stroberi Uingereza yanatafuta watu wa msimu, viza ya miezi sita, siku ya mapumziko kila wiki.

"Hii ni holiday ya kuchuma strawberry," Truphena alimwambia kwa sauti ya kurekodi, akicheka. "Unachuma, unapumzika, unaenda kuona bahari yao. Apply, wewe!"

"Na wewe mbona huombi?"

"Mimi baridi hapana. Na huu mgongo wangu ulishastaafu, ni mimi tu ndio bado."

Mwatime aliomba. Alihojiwa kwa simu ndani ya chumba cha kufulia, mashine ikizunguka nyuma yake. Mwulizaji alitaka kujua kama anaweza kuinama muda mrefu na kuamka mapema. Akamjibu kwamba huamka kabla ya muadhini, na kuhusu kuinama, aje aone ngazi za nyumba hii. Walimchukua.

Si kwamba alikuwa na maisha mabaya Aziziya. Alikula walichokula, alilala chumba chenye dirisha, na madam alikuwa mtu wa haki. Lakini tangu azaliwe, Mwatime hakuwahi kwenda mahali kwa sababu tu alitaka kupaona. Hata Jeddah alipelekwa na shida, si hamu. Sasa alitaka, walau mara moja, aamke siku ya mapumziko katika nchi ya watu, avae viatu, na kwenye njia panda aamue mwenyewe: kushoto au kulia.

Madam Hanadi hakununa. Mkataba ulikuwa unaisha mwezi wa tano, na yeye ndiye kafili, mdhamini wake. Kibali cha kutoka nchini kilikuwa mikononi mwake, akaahidi kukitoa. Aliomba jambo moja tu. "Mama asiambiwe mpaka viza itoke. Yule wa Indonesia alipoondoka, hukumbuki? Hakula siku ngapi?"

Mwatime alikumbuka. Ndiye aliyeajiriwa kumlisha.

Basi mambo ya viza yakapangwa mbele ya Sitti mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, naye akiwa amekaa katikati yao anakunywa kahawa na kutabasamu, hasikii kitu. Jeddah nafasi za kuchukuliwa alama za vidole zilikuwa zimejaa. Riyadh ilipatikana siku chache baada ya Idd ya kumaliza mfungo. Ujumbe ulisema waombaji waje na pasipoti, na vidole visiwe na kidonda wala mapambo.

Siku ya kuamkia Idd, baada ya alasiri, Mwatime alimpaka Sitti hina kama kila mwaka. Alipomaliza, Sitti hakumwachia mkono.

"Wewe unanipaka mimi miaka yote. Wewe nani anakupaka?"

"Mimi sina haja, Sitti."

"Yalla, keti."

Mwatime aliukumbuka ule ujumbe. Lakini angesemaje? Kukataa hina ya Idd kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa imekatazwa. Halafu akajipa moyo kwa hoja ambayo mwanamke yeyote wa Msambweni angejipa: mapambo ni rangi ya kucha na vitu vya dukani. Hina ni jani tu. Akakaa.

Sitti alimpaka mtindo wa kizamani, duara katikati ya kiganja, na ncha za vidole zote zikavishwa kofia nene, kucha na vyote. Mkono ulitetemeka, hina ikavuka mipaka, lakini Mwatime alitazama utosi wa yule mzee ulioinamia vidole vyake akahisi amekuwa mtoto wa mtu. Asubuhi Sitti alimkwangua kwa mgongo wa kisu. Rangi ilikuwa imekolea, nyekundu iliyoiva hadi kuelekea weusi.

"Ikikolea hivi," alisema Sitti, "mpakaji na mpakwaji wanapendana."

Riyadh alikwenda pamoja na madam, aliyekuwa na mkutano wake. Truphena alimpokea kituo cha treni Olaya, akamkumbatia, halafu akaishika mikono yake na kuigeuza.

"Woi! Mwatime! Umekuja kutoa fingerprint na mikono ya bibi harusi?"

"Hii ni hina tu, mwenzangu. Ni jani."

"Jani! Haya, twende tuone kama mashine inakula majani."

Haikula. Binti wa kituo cha viza, Msaudi mwenye uso mchangamfu, alimwambia abonyeze vidole vinne vya kulia. Mashine ikapiga mlio mfupi na taa nyekundu. Vya kushoto, nyekundu. Dole gumba, nyekundu. Akavifuta kwa kitambaa chenye spiriti, wakarudia, ikawa vilevile.

"Mashallah, imekolea," alisema yule binti. "Nani alikupaka?"

"Bibi."

"Basi bibi amekuponza, dada yangu. Mistari haionekani. Rudi ikififia."

Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki mbili, nayo ilikuwa ya mwisho inayomfaa. Shamba halingemsubiri mtu ambaye vidole vyake havijapokelewa kufikia mwisho wa mwezi, na ikama yake ya kukaa nchini ilikuwa inakwisha pamoja na mkataba. Vidole vikikataa tena, msimu umempita, na hakukuwa na msimu mwingine wa kuombea akiwa Jeddah.

Nje, Truphena alimnunulia chai ya maziwa. "Usilie, chai itaingia chumvi. Tutavisugua na Clorox, halas."

"Unichubue vidole, halafu wanikatae kwa vidonda?"

"Ni kweli pia." Akafikiri kidogo. "Lakini huyo nyanya yako angekuwa fundi wa nyumba, hiyo rangi ingekaa ukutani miaka ishirini."

Mwatime akacheka, akiwa na machozi bado machoni. Hivyo ndivyo alivyorudi Jeddah.

Tangu kesho yake, kila alipopata nafasi alisimama kwenye sinki la jikoni na nusu limau, akisugua. Siku moja hakuwa na habari kwamba Sitti amesimama mlangoni na mkongojo wake.

"Nani amekufa?"

Mwatime aligeuka. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi. Hapo ndipo alipoelewa. Huko kwao pia ni hivyohivyo: mwanamke hafuti hina ya Idd ingali imekolea, ila awe amefiwa.

"Nani amekufa? Mama yako? Mbona mnanificha?"

Alizima maji. Akamsogelea, akainama kwenye sikio la kushoto. Agizo la madam lilikuwa wazi, lakini kumwacha mzee aamini msiba usiokuwapo lilikuwa jambo jingine. "Hakuna aliyekufa, Sitti. Nimeomba kusafiri. Vidole vinatakiwa vionekane, na hina imevifunika."

Sitti aligeuka. Mkongojo uligonga sakafu hadi chumbani, mlango ukafungwa. Chakula cha mchana kikarudi kama kilivyokwenda. Madam Hanadi alitoka kazini, akasikia, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kushika kichwa.

"Nilikuomba kitu kimoja, Mwatime."

"Alidhani mama yangu amekufa, madam. Angeanza kunilia mimi kilio."

Madam alimtazama, akatikisa kichwa, mwisho akaguna guno lililokuwa karibu na kicheko. "Basi mlishe wewe. Mimi hatanifungulia."

Wala Mwatime hakufunguliwa. Usiku ule alilala akijiambia kwamba huenda jani lile lilijua zaidi yake. Huenda limemkatalia safari kwa heri yake mwenyewe. Lakini moyo haukukubali. Moyo ulikuwa bado kwenye ile njia panda, umevaa viatu.

Kesho yake baada ya alasiri Sitti alitoka. Mkono mmoja mkongojo, mwingine chupa ya mafuta ya zeituni. Akaagiza chumvi ya mawe na bakuli la maji ya moto.

"Limau linachubua," alisema. "Keti."

Akazichovya ncha za vidole kwenye maji, akazipaka mafuta, akachukua chumvi na kuanza kusugua kwa mizunguko midogo, kidole kimoja baada ya kingine, mkono ukitetemeka vilevile ulivyotetemeka wakati wa kupaka.

"Nilikupaka mimi, nitakufuta mimi."

Ikawa ndiyo ada yao. Kila alasiri, baada ya sala, bakuli, mafuta, chumvi. Na maswali.

"Huko wanakula nini?"

"Stroberi, Sitti."

"Siku zote?"

"Hizo ni za kuchuma. Za kula sijui."

"Na siku ya mapumziko utafanya nini?"

"Nitatembea."

"Uende wapi?"

"Sijui bado. Ndiyo raha yenyewe."

Sitti alimaliza kidole kimoja, akashika kingine. "Mimi nilipokuwa msichana," alisema, "nilitaka kuona theluji. Nikaolewa." Akacheka cheko lake la bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Ukiiona, usinipigie kelele kwenye simu. Mwambie Hanadi aiweke sikio la kushoto."

"Nitakwenda wakati wa joto, Sitti. Theluji haitakuwapo."

"Basi nisalimie mvua."

Ngozi ya vidole ilififia siku baada ya siku, kutoka nyekundu hadi rangi ya chai, kutoka chai hadi rangi ya Mwatime mwenyewe. Kucha tu hazikufifia. Hina ikishaingia kwenye kucha haitoki mpaka kucha zikue na kukatwa. Sitti alizisugua pia, kisha akaziacha.

Alipokwenda Riyadh mara ya pili, tena pamoja na madam, yule binti wa kituoni alimkumbuka. "Bibi amesamehe?"

"Amesugua mwenyewe."

Vidole vinne vya kushoto: kijani. Vinne vya kulia: kijani. Dole gumba la kushoto lilipita. La kulia lilikataa mara moja, likakataa mara ya pili. Nyuma ya kioo Truphena alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, akimwombea kwa Kiluhya. Mwatime alilifuta dole lake kwenye baibui, akasema bismillahi, akalibonyeza polepole kama mtu anayeupapasa mkate uliotoka tanuri. Kijani.

"Halas," alisema yule binti. "Nenda kachume matunda."

Aliporudi Aziziya jioni na madam, nyumba ilikuwa imeshapata habari. Wajukuu walikuwa wamemzunguka Sitti sebuleni, kila mmoja anampigia kelele zake: Mwatime amefaulu! Vidole, Sitti! Vidole! Mzee aligeuza uso huku na huku, hajui amsikilize nani, mkono umetua juu ya chupa ya mafuta aliyokuwa ameiweka tayari tangu alasiri.

Mwatime alipita katikati yao, akapiga magoti upande wa kushoto. Akautoa ule mkono kwenye chupa, akauwekea wake juu ili mzee azione kucha, nyekundu kama siku ya Idd. Akainama sikioni.

"Vimekubali, Sitti," alisema, taratibu mno. "Hii ya kwenye kucha nitaondoka nayo."